Visahani vya Wageni

Port Reitz, Mombasa
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Mzee Phineas Mutegi,

Shikamoo, Mzee wangu.

Nimekupigia simu mara tisa tangu Ijumaa. Ya kumi akapokea Winfred bintiyo, akaniambia masikio yako yamekwisha kabisa, hata jogoo wa hapo Chuka humsikii, na mwenye shida na wewe aandike. Basi naandika. Barua naipeleka ofisi ya vifurushi, ipande basi.

Mzee, wanataka kuniondoa. Ulipostaafu Desemba ulinikabidhi ufunguo wa maabara mbele ya kiwanda kizima ukasema, "Huyu aliingia hapa kuosha chupa, leo anakalia kiti changu." Watu wakapiga makofi. Miezi mitatu haijatimia, makofi yamegeuka minong'ono.

Tatizo ni ule unga wa selulosi, hipromelosi, unaoshika tembe za presha zisiyeyuke zote kwa mpigo tumboni mwa mgonjwa. Yameingia mapipa kumi mapya. Cheti cha muuzaji kinasema methoksi iliyo ndani yake ni 29.1 kwa mia. Sheria yetu inataka kati ya 28 na 30. Mimi napata 26.4. Nikarudia, 26.9. Nikarudia, 25.8. Nimepima mara kumi na moja na hakuna hata moja iliyofika 28.

Bwana Kiponda, meneja wa ubora, kaniita ofisini. Akaniambia nieleze kipimo "kama unavyomweleza mtoto wa shule." Nikamweleza. Unapima miligramu sitini na tano za unga, unatia kwenye kichupa kinene pamoja na asidi kali na kimiminika cha zailini kidogo. Unaziba kwa kisahani cha raba, unabana juu yake kifuniko cha alumini, unapika kwa digrii 130 saa nzima huku ukitikisa. Asidi inaukata unga, inatoa vitu viwili: methoksi inageuka methili iodidi, na hidroksipropoksi inageuka isopropili iodidi. Vyote vinanaswa na zailini inayoelea juu. Kichupa kikipoa unaitoboa raba kwa sindano, unavuta tone, unalitia kwenye mashine ya gesi, nayo inachora vilele viwili. Kilele kikubwa, kitu kingi. Kilele kidogo, kitu kichache.

Akaniuliza, "Na wewe unakosea wapi hapo?"

Ningejua, Mzee, ningekuwa hapa nachafua karatasi?

Akasema Mzee Phineas alipima unga huuhuu miaka kumi na miwili hakukosa hata siku moja. Ama mapipa kumi yarudishwe na tembe zisimame, ama mpimaji ndiye mbovu. Kikao ni Ijumaa tarehe 28. Nisipokuwa na jibu, ufunguo utakwenda kwa Lavender, yule msichana wa chuo kikuu aliyekuja Oktoba, na mimi nitarudi "upande wa sinki." Neno sinki Bwana Kiponda alilitamka huku Lavender akiwa papo hapo mlangoni.

Sirudi sinki. Nimekaa zaidi ya miaka kumi pale nikisoma kwa mwanga wa koroboi, nikafanya mtihani mara mbili, cheti nikakipata. Niambie nianzie wapi.

Wako,
Mbeyu Kadenge

*

Chuka
7 Machi 2025

Mbeyu,

Marahaba. Barua imefika na harufu ya samaki. Sijui kifurushi cha jirani kilikuwa nini. Ng'ombe amezaa. Masikio ni kweli, usihangaike na simu.

Kwanza, acha kubishana na Kiponda. Acha kubishana na huyo msichana. Bishana na kichupa.

Umeniandikia kurasa mbili na hukuniambia jambo la maana kuliko yote: kilele cha pili kinasemaje? Vilele viwili vikishuka pamoja, asidi imezeeka ama oveni inadanganya. Kikishuka kimoja peke yake, basi mwizi anachagua cha kuiba. Methili iodidi huchemka kwa digrii 42. Maabara ya Changamwe stima ikikatika inafika 35, wewe mwenyewe wajua tunavyotota jasho. Ile nyingine haichemki mpaka 89, hiyo haitoroki ovyo.

Kwa hiyo: angalia kilele cha pili. Pima oveni kwa kipimajoto kingine. Acha kichupa kipoe kabisa. Na upime uzito wa kichupa kizima kabla ya kupika, na tena baada ya kupoa kabla hujakitoboa. Kilichopungua ndicho kilichotoroka.

Yote uyaandike. Kazi isiyoandikwa haijafanyika. Hilo nilikwambia siku ya kwanza ukiwa bado umeshika brashi.

Wako,
P. Mutegi

*

Port Reitz
Jumatano, 12 Machi 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Mwizi anachagua!

Kilele cha pili hakijatikisika: 9.3, 9.5, 9.4, sawasawa na cheti. Kwa hiyo asidi haina kosa. Oveni nimeitilia vipimajoto viwili, digrii 130 barabara. Imebaki methoksi peke yake.

Nikapima vichupa kabla na baada. Vinapungua miligramu nane hivi. Nikakata tamaa, maana karatasi yetu ya kazi inaruhusu kupungua hadi miligramu 26, na nane ni ndogo. Kila mtu angetia alama ya vyema akaendelea. Nami nilitia. Kisha nikiwa nakuna nazi jikoni nikajiuliza: nane katika ngapi?

Nikaacha nazi, nikachukua penseli. Unga miligramu 65. Methoksi ikiwa 29.1 kwa mia, hiyo ni miligramu 18.9. Kila moja ya hizo ikigeuka methili iodidi inakuwa nzito mara 4.57. Yaani ndani ya kichupa mna methili iodidi miligramu 86 na nusu tu! Ukipoteza nane katika 86 na nusu, umepoteza zaidi ya tisa kwa mia. Punguza 29.1 kwa kiwango hichohicho.

26.4.

Mzee, nilipiga ukelele mume wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Namba ileile! Karatasi inaruhusu kupotea 26, na sisi tunakufa kwa nane.

Nikampelekea Bwana Kiponda. Akaisoma mara mbili, yuko kwenye saumu na hasira ziko karibu, lakini akasoma. Lavender akachungulia begani akasema, "Madam, hii hata chuo hawakutuonyesha." Sikujua ananisifu au ananipeleleza. Kisha Bwana Kiponda akasema, "Sawa. Kinavuja. Mbona kwa Phineas hakikuvuja?"

Lavender kabana vifuniko kwa mikono yake mwenyewe, kapata 27.2. Basi si mikono yangu tu, lakini bado si jibu.

Ndiyo nakuuliza. Oveni ni ileile, koleo la kubania lilelile, visahani vya raba ni vilevile. Nimevifungua vitabu vyako vyote kumi na viwili. Vichupa viwili, majibu mawili, kila mara: 28.9 na 29.1. 29.0 na 29.0. Ulikuwa ukifanya nini ambacho mimi sifanyi?

Mbeyu

*

Chuka
16 Machi 2025

Mbeyu,

Hesabu yako ni safi. Mimi nisingeifikia.

Koleo limechoka, agiza jingine. Mikono nayo hutofautiana, huwezi kuiandika kwenye karatasi. Mambo ya vitabu vya zamani yaache kabatini, hayatakusaidia Ijumaa ile.

Ushauri wangu: cheti cha muuzaji kipo. Mwambie Kiponda apokee mapipa kwa cheti. Unga ni mzima.

Mvua imeanza huku, tunapanda.

P. Mutegi

*

Port Reitz
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mzee Phineas,

Shikamoo. Salamu nyingine sina.

Umejuaje unga ni mzima?

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama hapo nje ya geti, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mtu aliyenifundisha kwamba kazi isiyoandikwa haijafanyika ananiambia mambo mengine hayaandikiki. Nikasema, Mbeyu, huyu mzee si kwamba hajui. Hataki kusema. Basi nikaenda kutafuta mwenyewe, na nimepata, na nakuandikia ujue kwamba nimepata.

Koleo halijachoka. Nimelijaribu kwa vichupa vya maji, halivujishi.

Unakumbuka boksi lililo kwenye kabati la juu, limefungwa kwa utepe? Visahani mia moja vipya, vya siku wakaguzi wanapokuja. Tulikuwa tukivitania, "visahani vya wageni." Kwetu Mjambere mama alikuwa na sahani za maua kabatini kama hivyo, sisi tulikula kwenye sahani za bati, mgeni akija ndiyo maua yanashuka. Sikuliona ajabu. Kila nyumba ina vyombo vya wageni.

Na vya kila siku nilikuwa nikiviosha. Mimi. Tangu 2013 uliponiambia, "Mbeyu, hivi usitupe, chemsha, anika." Nilivichemsha, nikavianika kwenye sinia, nikavihesabu. Nilijivuna kwamba hakuna anayeviosha vikatakata kama mimi. Na nilipopewa ufunguo sikuacha! Bado naviosha, maana mtu mwingine huviacha na ute.

Jana nimekata utepe. Kwenye boksi kuna maandishi madogo: kitumike mara moja tu. Miaka kumi na miwili limekaa juu ya kichwa changu. Nikachukua visahani vitatu vipya na vitatu vilivyooshwa, unga uleule, asidi ileile, oveni moja. Vipya vilipungua nusu miligramu. Methoksi: 29.0, 29.1, 28.9. Vilivyooshwa vilipungua nane, saba, tisa. 26.4, 26.7, 26.1. Nilikishika kimoja kilichooshwa nikakiangalia kwenye dirisha. Tundu la sindano liko palepale katikati. Tundu halitoki kwa sabuni, Mzee.

Na uliponifundisha mashine hiyo Novemba, ulishusha visahani vya wageni. Nilidhani ni heshima ya kuagana.

Kosa la kuosha nalibeba. Ni langu. Lakini kuna moja silibebi.

Kitabu chako kinasema vichupa viwili kila kipimo. Mimi ndiye niliyekuwa sinki. Nilikuwa naosha sita.

Sikuwahi kukosea kuhesabu chupa, unanijua. Sita nilikuletea safi asubuhi ya kipimo cha unga, siku zote, na sita vilirudi sinki mchana. Ulipika sita, ukapima uzito, ukachagua viwili ambavyo havikuvuja sana, ukaandika hivyo viwili, vinne ukavimwaga. Ndiyo maana hukukosa miaka kumi na miwili. Ndiyo maana mimi, ninayepika viwili na kuandika viwili kama kitabu chako kinavyoniagiza, ni mbovu.

Ijumaa tarehe 28 nitayasema haya. Yangu kwanza, kisha yako. Nakwambia mapema kwa sababu ulinipa ufunguo. Lakini sitarudi sinki ili jina na picha yako vibaki ukutani.

Mbeyu Kadenge

*

Chuka
24 Machi 2025

Mbeyu binti Kadenge,

Barua hii isome, kisha ibandike kwenye kitabu cha maabara. Nimeiandika kwa wino wa buluu, tarehe ipo, sahihi ipo chini.

Mimi Phineas Mutegi, niliyekuwa mkuu wa maabara, nathibitisha kwamba tangu Juni 2013 hadi Desemba 2024 kipimo cha methoksi kilifanywa kwa visahani vya raba vilivyooshwa na kutumiwa tena, kwa amri yangu. Nilipika vichupa sita. Niliandika viwili. Vinne sikuviandika. Vilivyoandikwa ni vile vilivyopungua chini ya miligramu mbili. Mbeyu Kadenge hakujua sababu ya sita, wala hakuwahi kuuliza, kwa kuwa kazi yake wakati huo ilikuwa kuosha. Wakaguzi walipokuja vilitumika vipya.

Hayo ni ya kitabu. Yanayofuata ni yako, kata hapa kwa mkasi.

----------

Mwaka ule niliomba visahani mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa vinakuja. Ya pili nikaambiwa, "Kwani havioshwi?" Ya tatu nikaambiwa yuko kijana wa chuo anayeweza kupima bila kulalamika. Mimi nilikuja Mombasa na kidato cha nne na sanduku la bati. Nilinyamaza. Nikaviosha. Vilipoanza kuvuja niliona kwa mizani kipi kimevuja na kipi kimeshika, nikasema basi nitachukua vilivyoshika, unga haudhulumiwi, mgonjwa hadhulumiwi. Ni kweli hakudhulumiwa. Lakini mwaka wa kwanza nilikusudia kuviandika vinne vile. Mwaka wa pili ingebidi nieleze kwa nini sikuviandika wa kwanza. Ukifika mwaka wa kumi na mbili umekuwa mtu asiyekosa, wanakupiga picha umeinua kichupa, wanaitundika.

Nilikukabidhi kiti na sikukwambia kina mguu mbovu. Nilisema moyoni, huyu ana mikono mizuri, pengine kwake havitavuja. Ulitazamwa wewe uanguke ili mimi nibaki nimesimama, na nilijua tangu barua ya kwanza.

Jambo jingine. Masikio yangu ni mazima. Winfred alisema nilivyomwagiza. Simu zako zote tisa nilizisikia, nilikuwa nimekaa nayo mapajani. Kwenye barua mtu anaweza kujibu swali analolitaka. Sauti yako ingeniuliza nikashindwa.

Usinihurumie Ijumaa.

Phineas

*

Port Reitz
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako ilifika Alhamisi saa kumi, siku moja kabla ya kikao. Sehemu ya kwanza nimeibandika. Ya pili nimeikata kwa mkasi kama ulivyosema, iko ndani ya Biblia yangu.

Tulikuwa watatu tu: Bwana Kiponda, mimi, na Lavender, aliyeitwa kuandika. Nikasoma ukurasa wangu kwanza. "Mimi Mbeyu Kadenge nimeviosha visahani hivi tangu 2013, na nilipokabidhiwa maabara niliendelea kuviosha bila kusoma maandishi ya boksi." Nikaweka mezani visahani viwili, kipya na kilichooshwa, na kioo cha kukuzia. Nikampa hesabu ya nane katika 86 na nusu. Kisha nikasoma barua yako, polepole, hadi sahihi.

Bwana Kiponda akakiinua kisahani kilichooshwa, akalitazama tundu lake kwa kile kioo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Mbeyu, tatizo limepatikana. Visahani tumebadilisha, unga ni mzima, wewe umeshinda. Hii barua ya mzee ya nini tena? Wakaguzi wanakuja Mei. Mtama hatuumwagi kwenye kuku wengi. Ibandue. Andika tu 'visahani vimebadilishwa,' na ufunguo ni wako."

Wallahi, Mzee, nilijaribiwa. Ningeshinda nawe ungebaki ukutani. Nikaona ule mwaka wa kwanza wako, jinsi ulivyokuwa mwepesi. Mstari mmoja tu. Na mwakani ningeeleza nini?

Nikamwambia, "Bwana Kiponda, kitabu hiki hakina kurasa za wageni."

Akasema, "Unajua unachokisema? Naweza kukuandikia onyo kwa huko kuosha."

Nikasema, "Liandike. Nalo tutalibandika."

Lavender akakohoa. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo anachukua ufunguo. Akavuta kitabu upande wake, akageuza kwenye ukurasa wa barua yako, akatia sahihi pembeni: shahidi. Akaandika na saa. Halafu akamtazama meneja wake akasema, "Nami nimerudia kipimo asubuhi, bila Madam kuwepo. Vichupa vitatu. 29.0, 29.0, 29.2. Nimeviandika vyote vitatu." Msichana yule nilimdhania fisi miezi yote hii. Nimemwomba radhi, akasema, "Madam, hata mimi nilikuwa nakuogopa."

Bwana Kiponda akasaini chini ya Lavender. Kalamu aliishika kama imewaka moto, lakini alisaini.

Matokeo ni haya. Mapipa kumi yamepokelewa. Onyo nimepewa, liko ukurasa unaofuata wako. Mwisho wa kuvuja si 26 tena, ni miligramu mbili. Vichupa ni vitatu, na vyote vinaandikwa, kivuje kisivuje. Boksi la juu limeshuka, liko mezani, kila mtu anachukua. Sinia la kuanikia nimelitoa, nimepandia mchicha.

Ufunguo uko shingoni mwangu.

Sampuli za unga wako wa zamani bado zimo stoo, kwa hiyo mimi na Lavender tumeanza kuzipima upya kwa visahani vipya, kutoka mwaka wa kwanza. Za kwanza nne: 28.8, 29.2, 29.0, 28.9. Unga haukudhulumiwa, ulisema kweli. Nimeziandika chini ya barua yako ili atakayeisoma azione pamoja.

Picha yako wameiteremsha Jumanne, baada ya Idi. Walikuwa wanaipeleka stoo, nikaichukua. Iko hapa sebuleni kwangu, juu ya redio. Mume wangu kauliza, "Huyu si ndiye aliyekutia matatani?" Nikamwambia ndiye, na ndiye aliyenitoa sinki, na yote mawili yameandikwa.

Uliniambia nisikuhurumie, sikukuhurumia. Sasa barua zimetosha. Jumapili ukishatoka kanisani, saa kumi alasiri, nitapiga. Nina maswali kuhusu mashine, lile bomba lake limeanza kuchora kilele kama mkia wa paka, na sitaki kujibiwa kwa barua.

Itaita, Mzee. Na najua unaisikia.

Wako,
Mbeyu Kadenge
Mkuu wa Maabara